Kanda Zilizofungwa kwa Deheni

Kabla ya kuifungua kompyuta yake, Bi Kamera alifunga kwanza mlango. Alitia komeo, akajaza tambara kwenye ufa wa juu, akavuta pazia la dirisha linaloelekea kwa fundi cherehani, halafu akatega sikio kidogo kama kuna viatu vya mwanamume uchochoroni. Ndipo aliposhika bisibisi. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani anataka kunionyesha dhahabu. Kumbe ndani mlikuwa na vumbi, waya, na mjusi aliyekufa zamani akabaki ngozi tupu.

Mtaa wetu wa Kisimayu, huu wa upande wa bandari, ulimwita Bi Kamera, na visiwani hali kadhalika, tangu Koyama hadi Ngumi. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini mwenyewe hakulipenda na mimi sitalitaja. Alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, na kazi yake ilikuwa kupiga video harusi za wanawake. Anayezijua harusi zetu anajua uzito wa kazi hiyo. Wanaume wana shughuli yao huko nje na mpiga picha wao. Ndani, siku ya kumtoa bibi harusi, mabuibui huvuliwa, nywele huachiwa, pembe za vugo hupigwa, na vikongwe waliokuwa wakichechemea asubuhi hucheza mpaka jasho linawatiririka. Aliyeruhusiwa kuingia chumba hicho na kamera alikuwa mtu mmoja tu, na aliruhusiwa kwa sababu ya ahadi. Kabla ya kuwasha, alisimama katikati ya mikeka akasema kwa sauti: "Wangwana, mliyo humu mko kwenye amana yangu. Hakuna mchu mume atakayeiona kanda hii. Si mume wangu, si mwanangu, si fundi." Wanawake walipiga vigelegele, naye akawasha.

Neno lile la mwisho, "si fundi," alilitamka wakati kamera ikiwa mpya, asijue litamfikisha wapi. Lilimfikisha sakafuni, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, akipapasa tumbo la kompyuta kuukuu kwa miwani iliyofungwa uzi.

Nitasema mapema kwa nini nilikuwa nikiingia nyumba ile kila alasiri, watu wasije wakadhani napenda mitambo. Siipendi. Nilikuwa na haja yangu. Mdogo wangu Mwanashee aliolewa Koyama, na Bi Kamera ndiye aliyeipiga video harusi yake. Haukupita muda Mwanashee akafariki kwa uzazi, huko huko kisiwani, boti ya kumleta hospitali mjini ikiwa bado inatafutiwa mafuta. Mtoto aliishi. Nilimchukua nikamlea, jina lake Arafa. Babetu hakutaka binti zake wapigwe picha, na mwanamke wa kisiwani katika nchi yetu aliweza kuzaliwa na kuzikwa bila mtu kumdai kitambulisho. Basi sura ya Mwanashee ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye kanda ndogo inayoenea kiganjani, ndani ya nyumba ya Bi Kamera.

Arafa alianza kuuliza mara tu alipojua kuunga maneno. Mama alikuwa vipi? Watu walimjibu yale wanayojibiwa mayatima wote, kwamba mamake alikuwa mzuri, alikuwa na tabia njema, alifanana naye. Mimi nilimweleza mpaka maneno yakaniishia. Ubaya ni kwamba kila nilipoeleza, sura yenyewe ilizidi kunitoka. Leo nikifumba macho nayasikia maelezo yangu tu, Mwanashee simwoni. Hilo sijawahi kumwambia mtoto.

Aliyemjibu vingine ni Bi Kamera. Siku moja Arafa, akiwa bado wa chuo cha Kurani na juzuu yake kwapani, alimwendea pale uani kwetu akamuuliza kama mamake alikuwa mzuri.

"Alikuwa na meno makubwa," akamwambia. "Akicheka ayafinika kwa mkono."

Nilikasirika nusura nimtoe uani kwangu. Maiti hasemwi meno. Lakini Arafa hakukasirika hata kidogo. Alikwenda akasimama mbele ya kioo, akayafunua meno yake, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akaweka mkono mdomoni kujaribu. Tangu siku ile alimwamini Bi Kamera kuliko alivyoniamini mimi.

Na alikuwa na haki. Bi Kamera hakujua kusifu, na hakujua kufinyanga jambo likae vizuri. Mama mmoja wa bibi harusi, mwenye dhahabu mpaka viwikoni, alimfuata siku ya pili ya harusi akimsihi afute pahali alipogombana na wifi yake mbele ya wageni. "Ungenyamaa," Bi Kamera akamjibu, "nami ningepiga kunyamaa kwako." Hakufuta. Bibi harusi aliyelia alionekana akilia, na aliyesinzia kwenye kiti cha heshima alionekana akisinzia. Watu walimlaani, kisha harusi iliyofuata wakamwita yeye, kwa sababu mwingine hakuwepo, na kwa sababu amana ilikuwa amana.

Palikuwa na mambo mengi kwake yasiyokaa pamoja. Alikuwa mtu wa sala tano na sunna zake, na papo hapo alibeba kamera kwenda kuzipiga video ngoma miaka ile ngoma na picha zilipoanza kuwa za kuuliwa mtu. Aliichukia bahari. Kila safari ya kisiwani alitapika tangu kupakia mpaka kushuka, huku akiwatukana manahodha kwa Kisomali ili, alivyosema, asiuchafue mdomo wake wa kusalia. Lakini alikuwa amekulia penye mbao na misumari, Koyama, babake akiunda vyombo, na kila alilolijua kuhusu kuhifadhi kitu alilitoa pale. Chuma alikipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wetu hunywesha mbao. Penye nyufa alitia deheni, ile shahamu iliyopondwa na chokaa inayopakwa matumboni mwa vyombo ili maji yasipenye. Mlango wake ulipakwa sifa. Bawaba zilipakwa. Hata cherehani ya marehemu mamake ilikuwa ikinuka papa.

Ndiyo maana, wenye bunduki walipoanza kuingia majumbani kutafuta kanda na redio, hakuhangaika kufikiri. Alizikusanya kanda zote za harusi, akazipanga ndani ya bati kubwa la biskuti, akaziba mfuniko kwa deheni, tabaka juu ya tabaka mpaka bati likawa jeupe kama kaburi, akalizika chini ya jiko. Zilikuwa siku za mvua za kusi, na alifanya haraka. Kamera yenyewe haikuenea. Hiyo aliifunga kwa leso akaididimiza katikati ya mtungi wa mchele, kanda ya mwisho ikiwa bado imo tumboni mwake, akaendelea kupika.

Hatari ilipokwisha, au ilipohamia kwingine, kamera ilitoka mchelani ikiwa hai nusu. Kioo chake kidogo kilikuwa kimekufa. Tundu la kupeleka picha kwenye televisheni lilikuwa limeliwa na kutu tangu zamani. Lililobaki zima ni tundu moja, dogo kuliko ukucha, la kuungia kompyuta, na hilo lilikuwa la aina iliyoachwa na dunia. Bati lenyewe hakulifukua. Alisema limekaa salama, litafunguliwa siku yote mengine yatakapokuwa tayari, ili hewa ya chumvi isizikute kanda bure. Hakuna aliyempinga. Sisi sote tungefanya vilevile.

Mwanawe yuko Mombasa, anauza simu. Kijana alimwambia mamake amtumie kamera na bati, atapata mtu wa kumfanyia kazi ile mchana mmoja. Bi Kamera alimuuliza huyo mtu ni mume au mke. Kijana akacheka. Kucheka kule kulimgharimu, maana hakupokelewa simu mpaka alipoomba radhi. Walipopatana, akawa anamfundisha mamake kwa ujumbe wa sauti, bila kuona chochote. Nilikuwa nikiingia namkuta Bi Kamera ameiweka simu juu ya msala, sauti ya mwanawe inasema, "Mama, sasa tafuta mfereji mrefu mweupe wa kutilia kadi," naye anajibu peke yake, "Mirefu myeupe iko mingi, mwanangu, sema ule unaotaka."

Kompyuta aliipata ofisi moja mjini ilipofunga ikauza vyombo vyake. Lilikuwa dude la kijivu, zito, la kazi za wahandisi, lenye ubavu unaofunguka. Mwanawe alimshauri anunue ya kisasa, nyembamba. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amesikiliza zaidi kuliko nilivyodhani, kwa sababu alimjibu kwamba nyembamba haina nafasi ya kutia kadi ndani, na kadi isipoingia, tundu la kamera litatoka wapi? Kuukuu lilikuwa na mifereji mitupu. Kwa nyuma lilikuwa na matundu ya duara ya kibodi na kipanya, na jengine refu la mashine ya kuchapisha ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo tena. La kamera halikuwepo.

"Nyumba kubwa," alisema akilizunguka, "lakini mlango ninaoutaka haina. Haye, tutautoboa."

Kazi ya kuutoboa ilikula miaka. Kwanza ilikuja kadi ya kuongeza matundu ya USB, maana harusi zote zile zilihitaji diski ya nje ya kuzitunza, na dude lenyewe lilikuwa na tundu moja tu, nalo bovu. Kadi iliingia, ikafanya kazi siku mbili tatu, ikazima. Chumvi. Meno ya shaba ya kadi yalikuwa yameota kijani. Mwanawe akamwambia ayasugue kwa ufutio wa penseli, na ufutio wa Arafa ukatoweka begini, ukaonekana tena kwa Bi Kamera ukiwa umesagika. Siku za kazi alikataa kugusa samaki. Alinawa kwa ndimu mpaka vidole vikasinyaa, ili mafuta yasifike kwenye kadi. Nje ya sanduku, hata hivyo, alipaka sifa kila Ijumaa, skurubu kwa skurubu. "Ndani sipaki, mimi si mjinga," alisema. Kutu haikuingia, na badala yake waliingia paka. Paka wote wa mtaa walilala wakilizunguka dude lile wakililamba, naye akiwapiga kwa ukili huku akiomba Mungu amsamehe kwa kupiga paka.

Kisha ikaja kadi yenyewe, ya tundu la kamera. Ililetwa na mwanamke msafiri, imefichwa kati ya khanga mpya, na tulikaa kuifungua kama tunamfungua mtoto wa siku saba. Haikuingia. Meno yake yalikuwa mafupi, ya kompyuta mpya, na mifereji ya kuukuu ni mirefu. Bi Kamera aliigeuza huku na huku, akaijaribu kinyume, akaiweka chini, akatawadha akasali rakaa zisizokuwa za wakati wowote. Ya pili ilikuja baada ya kusubiri hata nikasahau kuwa tunasubiri. Hiyo iliingia, lakini waya wake ulikuwa mnene pande zote mbili, na kamera ilitaka mwembamba. Waya ukangojwa nao. Arafa alikua. Alianza kufunga Ramadhani nzima, akatoboa masikio mara ya pili, akaacha kuniuliza mamake alikuwa vipi, akaanza kuuliza waya umefika wapi.

Siku mambo yote yalipokutana ilikuwa alasiri, Arafa hayupo, tuko wawili. Mlango umefungwa, tambara liko ufani. Bi Kamera alichomeka waya, akawasha kamera na ile kanda iliyokaa mchelani. Paka mmoja alikuwa ndani na hatukuwa na moyo wa kumtoa. Kioo cha kompyuta kilikaa cheusi, kikatikisika, kikaleta picha.

Ilikuwa miguu. Mkeka, na miguu ya wanawake inapita. Sauti za vugo zilitoka, na vicheko, na mtoto mchanga akilia, na mtu akimbembeleza.

Bi Kamera alipiga paja lake akacheka mpaka akakohoa. "Nilisahau kuizima! Nimeiweka chini nile pilau. Hii ni Ngumi, harusi ya mwisho kabla ya mambo kuharibika." Halafu akasogea karibu na kioo. "Na wewe huyu. Leso yako ile ya korosho nyekundu."

Nilikuwa nimekwisha kujiona. Leso ile niliivaa mpaka ikawa tambara la kufutia taa. Miguu ilikuwa yangu, na mtoto anayelia alikuwa Arafa, mchanga bado, mamake amezikwa hata kaburi halijatulia, nami nimempeleka harusini kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Nilijitazama nikitembea huku na huku nikimpoza. Nililia, nami si mwepesi wa kulia, kwa furaha. Kwa sababu kama kanda ya miguu imetoka safi vile, basi ya Koyama itatoka, na Mwanashee atatoka na meno yake.

Bati tulilifukua asubuhi iliyofuata. Arafa alikuja amevaa. Sijui niseme vipi jambo hili. Alivaa gauni lake la Idi na hereni, akajipaka wanja, akaketi mbele ya kompyuta akingoja kumwona mamake, na alikuwa amejitengeneza kama anayekwenda kuonwa yeye. Deheni ilikuwa imekuwa jiwe. Bi Kamera aliipasua kwa patasi ya babake, pole pole, huku akiisifu, mara ya pekee kumsikia akisifu kitu. "Tazameni. Hata tone la maji halikuingia."

Kweli halikuingia. Alipouinua mfuniko, ilitoka harufu ya kisima, na upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa umelowa. Kanda zote zilikuwa nyeupe. Zilikuwa zimeota ukungu, ukungu wenye manyoya, uliopita ndani ya vikasha na kuushika utepe. Mvua ya siku ile alipozifunga, jasho la mikono yake, unyevu wa chumba, vyote alivifungia humo pamoja nazo, akaviziba visitoke kwa miaka. Chombo kikiwa na maji ndani mtu huyateka akayamwaga. Bati halikuwa na wa kuteka.

Aliugeuza mfuniko, akapitisha kidole kwenye ule unyevu. Kisha akasema, si kwetu, "Nimewafungia maji."

Arafa alimwomba ajaribu. Mimi nilimwomba. Mwanawe, kwenye simu, alimkataza, akasema kanda ya namna ile itaiua kamera. Aliipangusa ya Koyama kwa kitambaa, akaitia. Kamera iliguna, utepe ukakatika ukajisokota ndani, na kutoka hapo kamera haikuwaka tena, na hii habari ya tundu ikawa imekwisha. Arafa alivua hereni zake pale pale, moja moja, akaziweka mfukoni. Alimshukuru Bi Kamera kwa adabu. Nyumbani alilala mchana wote ameelekea ukuta.

Ilibaki njia moja, na hapo ndipo tulipoharibikiana. Mwanawe alisema Ulaya kuna watu wanaoweza kuziosha kanda kama hizo, ingawa hawaahidi kitu. Ni wanaume, au hajui ni nani, zitapita mikono mingi. Bi Kamera alisema atakwenda kuomba ruhusa. Akaenda, na kutapika kwake, Koyama, Ngumi, na nyumba za hapa mjini, akiuliza kila mwanamke aliyekumbuka kuwa chumbani siku ya harusi ile ya Koyama. Walio hai wengi walimwachilia, na mmoja alicheka akasema kwa uzee huu nani atamtazama. Lakini wengine walikuwa wamekufa, na wengine wamezama baharini wakikimbilia nchi za watu.

"Mimi ni dadake," nilimwambia. "Mimi nakuruhusu."

"Wewe waniruhusu Mwanashee. Chumba kizima utaniruhusu? Maiti nitamuuliza vipi?"

"Maiti hana nywele tena, Bi Kamera."

"Kwenye kanda anazo."

Nilimwita mkaidi, nikamwita muuaji wa kanda, nikasema yeye na deheni yake wamemzika mdogo wangu mara ya pili. Kwa muda mrefu nilipita mlangoni pake bila salamu. Usiku na mchana paka waliendelea kulala dirishani, na niliposikia kutoka kwa wengine, walisema bado ananunua vifaa. Ametia tundu la kusomea kadi za simu. Ametia spika. Ametia kadi nyingine ya kamera, akaichomeka kando ya ile ya kwanza, na kamera yenyewe hana. Mtu akimuuliza za nini, alisema huenda ikaja moja ikataka. Sikumwonea huruma wakati ule. Sasa namwonea, lakini haimfai kitu.

Nilirudi kwake kwa sababu ya Arafa. Amechumbiwa, anaolewa, na mumewe anamchukua Mombasa. Kwetu bibi harusi huzungushwa kuwaaga wakubwa na kuomba radhi zao, na Arafa alisema wa kwanza ni Bi Kamera. Tulimkuta kitandani. Tumbo limemvimba, miguu imekuwa myembamba, na hospitali ilikwisha kumrudisha. Dude lilikuwa pale pale mbele ya kitanda, ubavu wazi, likinuka papa. Arafa alimbusu mkono, akaomba radhi, akapewa. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akasema neno ambalo mimi nilijua limekaa naye tangu siku ya hereni.

"Naolewa, Bi Kamera, na sura ya mama sijaiona. Watoto wangu nitawaambia nini?"

Bi Kamera alinitazama mimi, si yeye. Akasema, "Funga mlango."

Niliufunga. Nikatia tambara. Alinielekeza kwa kidole niwashe, na picha ikaja, ile niliyoijua, iliyobaki kwenye diski tangu kabla kamera haijafa, mkeka na miguu.

"Ipo hii moja," akamwambia Arafa. "Sura haimo. Niliiweka kamera chini. Lakini yule wa leso ya korosho, yule anayetembea, ndiye Mwanashee."

Arafa alishuka kitandani akapiga magoti mbele ya kioo. Alitazama bila kupumua. Miguu ilikwenda, ikarudi, ikasimama, ikaanza tena. Mtoto akalia.

"Na yule mtoto wa nani?"

"Wa mgeni tu. Mamako alipenda watoto wa wachu. Amemchukua ampoze."

"Anatembea haraka haraka," Arafa akasema, na akacheka, na alipocheka alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akaniuliza mimi bila kugeuka, "Ni yeye, Mama Mkubwa?"

Mwanamke yule hakuwahi kufuta ugomvi wa tajiri wala kumpunguzia maiti meno. Alikuwa amelala pale, macho makavu, akiningojea. Nilisema ndiyo. Nilisema alikuwa akitembea vile vile.

Arafa alikwenda uani kumchotea Bi Kamera maji ya kunywa. Nilimwinamia nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba leso ile ni yangu.

"Naijua," akasema. "Nimeipiga mimi." Alifumba macho. "Usimtoe mchu moyo siku ya kuaga."

Nilitaka kumwambia nimemsamehe, lakini nilichokuwa nacho kifuani hakikuwa msamaha. Kilikuwa wivu. Usiku wote ule wa Ngumi nilimbeba mtoto yule mimi, na mingine baada yake, na sasa nimetoa hata huo kumpa mdogo wangu, ambaye Mungu anajua ningempa zaidi, na yeye bado hana sura.

Arafa alirudi na kikombe. Alimnywesha Bi Kamera, akamfuta kidevu, akaomba picha irudishwe mwanzo. Niliirudisha. Akakaa chini sakafuni, karibu nami kabisa, akaanza kuitazama tena ile miguu, na mimi nikaivuta yangu taratibu ndani ya buibui.